Vitabu vya Hasira: Vya Kununua, vya Kuazima na vya Kuacha Dukani

Kazi yangu ni kupokea simu za watu waliokasirika. Huu ni mwaka wa 9 niko kitengo cha huduma kwa wateja, hedifoni kichwani kutwa, na kila simu inarekodiwa. Mwisho wa mwezi msimamizi huchagua simu 5 kati ya nilizopokea, anazisikiliza, ananipa alama. Kwenye fomu ya alama kuna kisanduku kimeandikwa "Sauti yenye tabasamu". Mteja hakuoni, lakini anatakiwa akusikie ukitabasamu, hata kama dakika hiyohiyo anakuita mpumbavu. Kisanduku hicho sikuwa nimewahi kupoteza hata alama moja. Nakitaja mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekuhakikia vitabu hivi: mtu ambaye hasira za wenzake ndizo mshahara wake, na hasira yake mwenyewe ni kosa la nidhamu.

Sasa sikiliza kilichonipeleka dukani. Mwaka jana, mwenzetu mmoja wa kiume aligonga meza kikaoni kwa sababu ya viti. Viti vilikuwa vibovu kweli, migongo ilikuwa inatuuma sote. Msimamizi akasema, "Jamani, mnaona, viti vimemchosha mwenzenu." Baada ya siku chache viti vipya vikaja. Kikao kilichofuata nikasimama mimi na suala la kufundisha wageni. Anayeajiriwa leo hukalishwa pembeni ya mfanyakazi wa zamani wiki 2, asikilize na kuuliza. Posho hakuna, na muda wote huo wewe unayefundisha unapokea simu chache, alama zinashuka. Nilikuwa nimehesabu kwenye karatasi: wageni 11 ndani ya mwaka, na 10 kati yao walikalishwa na wanawake. Meza sikuigonga. Sauti labda ilipanda kidogo. Msimamizi akaniangalia, akasema, "Dada yangu, tulia kwanza. Mbona hasira hivyo?" Watu wakacheka. Nikakaa. Muhtasari wa kikao ulipotoka, wageni 11 hawakuwemo.

Usiku ule nikaanza kununua vitabu vya wanawake walioandika juu ya hasira. Vingine vya karatasi, vingine nikavipakua kwenye simu, viwili nikavisikiliza vikisomwa. Vyote nimevipata kwa Kiingereza, hata vile vilivyoandikwa kwa lugha nyingine. Nimevisoma zaidi zamu ya usiku, kuanzia saa 8 hadi saa 11 alfajiri, saa ambazo wanaopiga ni wale tu waliokosa usingizi. Kwa hiyo huu ni uhakiki wa mnunuzi, wala si wa mhadhiri, na kipimo changu ni kimoja. Nikikifunga kitabu, je, kimenirudisha kwa wale wageni 11, au kimeniacha nimejitazama mimi na hasira yangu kama mtu aliyeganda mbele ya kioo?

Nilianza na Rage Becomes Her cha Soraya Chemaly, cha 2018. Mwanzo wake peke yake unalipa bei ya kitabu. Chemaly ni msichana, anamtazama mama yake amesimama barazani akirusha sahani hewani, moja baada ya nyingine, zile sahani nzuri za harusi, zinapaa na kwenda kupasuka huko chini. Mama akimaliza, anaingia jikoni na kumuuliza bintiye shule ilikuwaje leo. Basi. Juu ya sahani hakusemwi neno. Nilipofika hapo simu iliita, nikapokea, nikasema habari za usiku, nikusaidie nini, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka tamu kama asali. Shule ilikuwaje leo!

Baada ya hapo kitabu kinageuka ghala. Maumivu ya wanawake ambayo madaktari hawayaamini, wasichana wanaofunzwa kumeza maneno, kulea, kuuguza, kutishwa mtandaoni, kila kitu kimo, na kila kitu kina utafiti nyuma yake. Chemaly ni mkusanyaji hodari, sina ubishi. Tatizo ni kwamba ukifika katikati umeshashiba, na bado anakupakulia. Ushauri wangu: kisome sura moja kwa wiki, na anza na sura inayokuhusu. Ukikisoma moja kwa moja kama riwaya, utafika mwisho umechoka kuliko ulivyokasirika.

Tukiwa bado kwenye utafiti, kuna mmoja ulionikalisha kitako kuliko vitabu vingine vyote. Ni wa Victoria Brescoll na Eric Uhlmann, ulichapishwa 2008. Watu walionyeshwa wanaume na wanawake kazini, wengine wakionyesha hasira, wengine huzuni au utulivu. Mwanamume aliyekasirika alipandishwa hadhi machoni pa watazamaji. Mwanamke aliyekasirika alishushwa. Na ukiwauliza watazamaji sababu, hasira ya mwanamume walisema imeletwa na jambo lililotokea, ya mwanamke wakasema ndivyo alivyo, hawezi kujizuia. Niliisoma sentensi hiyo mara nne. Yeye, viti vimemchosha. Mimi, nina hasira. Nilikuwa nimeishi ndani ya utafiti huo bila kujua kwamba una majina ya watu na mwaka.

Upo mwingine wa zamani zaidi, wa 1976, wa John na Sandra Condry. Watu waliangalia mtoto mchanga kwenye mkanda akishtushwa na mdoli anayechomoka ghafla ndani ya kasha. Walioambiwa ni mtoto wa kiume wakasema amekasirika. Walioambiwa ni wa kike wakasema ameogopa. Mtoto ni yuleyule mmoja. Yaani tunaanza kunyang'anywa neno hili hata kabla ya kuota meno.

Mdogo wangu alinipa We Should All Be Feminists cha Chimamanda Ngozi Adichie, kilichotokana na hotuba yake ya Desemba 2012 na kuchapwa 2014. Ni kidogo, unakimaliza kwa muda wa kunywa chai mbili. Sweden waliwahi kuwagawia vijana wote wa miaka 16, na naona kwa nini: hakimtishi mtu. Kuna pale anapompa kijana wa maegesho ya magari bakshishi kutoka mkoba wake mwenyewe, pesa aliyoichuma kwa kazi yake, na kijana anamgeukia rafiki wa kiume aliyesimama pembeni na kumshukuru yeye. Adichie hapambi. Anasema wazi kwamba ana hasira na kwamba inatupasa sote kuwa nayo. Ila kwa mtu aliyekwisha kusimama kikaoni na kukalishwa, kitabu hiki kinaishia pale ambapo wewe umeanzia. Mnunulie kaka, mjomba, shemeji. Cha kwako tafuta kingine.

Cha kwangu nilidhani ni A Room of One's Own cha Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, kwa kuwa kila mtu anakitaja. Kilitoka 1929, kutokana na mihadhara aliyowapa wanafunzi wa kike wa Cambridge Oktoba 1928. Wengi wanakumbuka hoja yake kwamba mwanamke anayetaka kuandika anahitaji chumba chake mwenyewe na pauni 500 kwa mwaka. Mimi nililipenda jambo dogo. Msimuliaji ameketi kwenye maktaba ya British Museum, anasoma lundo la vitabu vya wanaume kuhusu wanawake, na huku akisoma mkono unachora. Anakuja kuangalia, amechora profesa, uso mwekundu, amekasirika, anaibinyia karatasi kalamu kama anaua mdudu. Ndipo anagundua kwamba aliyekuwa amekasirika ni yeye mchoraji. Kisha anauliza swali ambalo naona ndilo kubwa kuliko chumba: na hawa maprofesa, wenye kila kitu mikononi, wao wamekasirishwa na nini?

Ukurasa ule ni dhahabu. Lakini mbele kidogo Woolf anamgeukia Charlotte Brontë, mtunzi wa riwaya ya Jane Eyre, na kumlaumu kwamba hasira yake imeharibu uandishi wake, kwamba ameandika kwa ghadhabu pale alipotakiwa kuandika kwa utulivu. Hapo nikakiweka chini. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo mahali, na sikukumbuka ni wapi mpaka nilipomsoma Adrienne Rich, mshairi wa Marekani, kwenye insha yake ya 1971, When We Dead Awaken. Rich anasema alipokirudia kitabu cha Woolf alishangaa kuona jasho lilivyomtoka mwandishi ili asionekane amekasirika. Woolf anazungumza na wanawake, lakini anajua fika kwamba wanaume wanamsikia. Nikacheka peke yangu kwenye zamu. Kumbe Woolf naye simu zake zilikuwa zinarekodiwa! Kwenye kisanduku cha tabasamu nampa alama zote. Kitabu ni kizuri mno, kinunue, ila ukisome na Rich pembeni.

Niseme upesi juu ya viwili vingine kabla sijafika ninapotaka kukaa. Good and Mad cha Rebecca Traister, nacho cha 2018, kimejaa siasa za Marekani. Kama huzifuatilii, majina yatakuchosha. Kina jambo moja zuri la kuondoka nalo: namna historia inavyowafuta hasira wanawake waliokuwa nayo. Rosa Parks tumefundishwa kuwa alikuwa fundi cherehani mpole, mchovu, akakataa kumwachia mzungu kiti kwenye basi la Marekani mwaka 1955. Kwamba miaka 11 kabla ya hapo alitumwa kuchunguza kesi ya Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume weupe Alabama, hilo halimo kwenye hadithi ya basi. Mpole mchovu ni rahisi kumpenda. Kitabu kiazime.

The Seven Necessary Sins for Women and Girls cha Mona Eltahawy, cha 2019, kinahesabu madhambi saba anayotaka wanawake wayatende, na la kwanza ni hasira. Mwandishi si mtu wa kinadharia. Mwaka 2011 polisi wa kutuliza ghasia Cairo walimvunja mkono wa kushoto na kiganja cha kulia, na wakamdhalilisha. Ana haki ya kupiga kelele. Nilimsikiliza akisomwa masikioni nikitembea kwenda kazini na nilitembea haraka kuliko siku zote. Lakini anapiga kelele kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na sikio la mtu wa kazi yangu lina njia yake ya kujikinga na kelele. Sura ya nne nikawa sisikii tena. Huenda kosa ni langu.

Sasa niende kwa Marilyn Frye. Huyu ni mwanafalsafa, na insha yake inaitwa A Note on Anger, imo ndani ya The Politics of Reality cha 1983. Ni kurasa chache. Jina lake sikuwahi kulisikia. Nililiona limetajwa chini ya ukurasa wa mwingine nikalitafuta. Anasimulia kisa cha mwanamke aliyemfokea mhudumu wa kituo cha mafuta aliyekuwa anachokonoa injini ya gari pasipo sababu. Mhudumu akapandwa na ghadhabu, akamwita mwendawazimu, na tusi juu yake. Frye anasimama hapo na kuangalia kilichotokea polepole, kama fundi anayefungua saa. Mwanamke alikuwa anazungumzia injini. Mhudumu amebadilisha mada. Sasa mada ni mwanamke na akili zake, na injini haizungumzwi tena.

Ni hivyo tu. Na ndiyo kitu chote. Nilikuwa nazungumzia wageni 11, na baada ya sentensi moja ya msimamizi tukawa tunazungumzia mimi.

Frye anasema hasira ni kama maneno fulani ambayo hayakamiliki mpaka upande wa pili uyapokee. Ukiweka dau la kamari na mwenzako asilikubali, hakuna dau. Ukikasirika na mwenzako asiipokee hasira yako kama hasira, akaiita wazimu au uchovu, basi wewe umebaki na joto lako tu. Sijui kama Frye aliwahi kufanya kazi ya simu, ila angeiweza. Hasira isiyopokewa ni simu iliyoita mpaka ikakatika. Mpigaji alikuwa na jambo. Kwenye mashine yangu inaandikwa "haikujibiwa" na hakuna anayejua alitaka kusema nini.

Kisha anapendekeza zoezi, na hapa ndipo kitabu kilipokuwa chombo cha kazi. Anasema unaweza kuchora ramani ya nafasi unayopewa duniani kwa kuangalia hasira yako inapokewa wapi, na nani, na kwa jambo gani. Nilichukua karatasi nyuma ya fomu ya zamu nikachora. Nikimkasirikia mwalimu kwa ajili ya mtoto wangu: inapokewa, tena kwa heshima, "mama ana haki". Nikimkasirikia muuzaji aliyenipa bidhaa mbovu ya nyumbani: inapokewa. Nikikasirika kwa niaba ya mteja aliyekatwa pesa zake kimakosa: inapokewa, nilishawahi hata kupewa cheti. Nikikasirika kwa ajili yangu mwenyewe: mistari yote ikakatika. Nilikaa na karatasi ile mpaka kukapambazuka. Kumbe ninaruhusiwa kukasirika kama mama na kama wakala. Kama mimi, hapana.

Insha hiyo itafute kwa udi na uvumba. Kitabu kizima si lazima.

Cha kuwa nacho nyumbani, kwa karatasi, ni Sister Outsider cha Audre Lorde, cha 1984. Ndani yake kuna The Uses of Anger, hotuba aliyoitoa Juni 1981 Storrs, Connecticut, mbele ya mkutano wa wanawake wasomi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara imenipiga mahali tofauti.

Mara ya kwanza ilinifurahisha tu. Lorde alikuwa mshairi, mweusi, mzaliwa wa New York kwa wazazi kutoka Karibiani, na anasema hasira imebeba habari na nguvu. Habari! Kazini kwetu tunafundishwa kwamba hasira ya mteja ni "kero" ya kutulizwa. Lakini aliyekaa kwenye simu miaka 9 anajua: mteja akiwaka moto, nyuma yake kuna kitu kimeharibika kweli, na ukimtuliza bila kukishika kitu hicho, kesho anapiga tena. Lorde anasimulia mwanamke mweupe aliyemwambia amweleze anavyojisikia, ila asiseme kwa ukali mno, la sivyo yeye atashindwa kumsikia. Lorde anauliza: ni ukali wa sauti unaomzuia kusikia, au ni tishio la ujumbe kwamba maisha yake huenda yakabidi yabadilike? Dada yangu, tulia kwanza. Ni yaleyale, miaka 40 na ushei imepita, na sentensi haijabadilika.

Mara ya pili nilisoma nikiwa na kalamu, nikijaribu kuiweka kwa Kiswahili ili nimsomee mdogo wangu kwenye simu. Hapo nikakwama kwenye neno. Lorde anaitenga hasira na chuki: chuki inataka kuangamiza, hasira ni huzuni juu ya jinsi tunavyopotoshwa sisi kwa sisi, na inachotaka ni mabadiliko. Kiswahili "hasira" nilikiona hakitoshi, maana kwetu neno hilo limeshafungwa kamba na "hasara" tangu utotoni, huwezi kulitaja bila methali kuinua kichwa. "Ghadhabu" ni ya wakubwa. "Hamaki" ni ya dakika moja. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, si useme uchungu tu?" Uchungu! Mtu akisema ana uchungu na jambo, huzuni imo, hasira imo, na penzi la kile kilichoharibiwa limo. Na ndilo neno la mwanamke anayejifungua. Nilinyamaza. Lorde alihitaji aya nzima kueleza kitu ambacho lugha yangu ilikuwa inakijua, ila nilikuwa sikitumii.

Mara ya tatu haikuwa ya kufurahisha. Hotuba ile hawaambiwi wanaume. Wanaambiwa wanawake wenye nafasi, na Lorde hajitoi: anasema hayuko huru wakati mwanamke yeyote hayuko huru, hata kama pingu za mwanamke huyo ni tofauti na za Lorde mwenyewe. Ofisini kwetu kuna mama anayefanya usafi alfajiri. Kuna siku alinijia amefura juu ya vikombe tunavyoviacha mezani na mabaki ya chai, vimeganda, na yeye anaambiwa asubuhi kwamba ofisi inanuka. Nilimjibu, kwa sauti yangu ile yenye tabasamu, "Mama, taratibu basi, watu wako kwenye simu." Naye akanyamaza, akaviokota. Nilikuwa nimeisahau siku ile kabisa. Nilikuwa nimebadilisha mada, kutoka kwenye vikombe hadi kwenye sauti yake. Kesho yake nilimwomba radhi, akaniangalia kama mtu asiyekumbuka, nadhani kwa adabu tu. Kikombe changu sasa nakiosha. Cha wenzangu bado vita.

Kuna kingine ambacho si cha hasira kwa jina, lakini ndicho kilicholeta hasira nyumbani kwetu kuliko vyote: The Second Shift cha Arlie Hochschild, cha 1989. Ni mwanasosholojia yuleyule aliyeandika The Managed Heart, 1983, kuhusu wahudumu wa ndege wanaolipwa watabasamu na wakusanya madeni wanaolipwa wakunje uso. Hicho sikihakiki, ni kama kuhakiki wasifu wangu mwenyewe. Kwenye The Second Shift kuna wanandoa anaowaita Nancy na Evan Holt. Wote wanafanya kazi. Baada ya ugomvi wa miaka juu ya kazi za nyumbani, wanafikia mapatano: Nancy achukue ghorofa ya juu, Evan ya chini, nusu kwa nusu. Juu kuna sebule, jiko, vyumba vya kulala na mabafu. Chini kuna gereji. Evan anashughulikia pia mbwa. Na wote wawili wanamwambia mtafiti kwamba sasa wanagawana sawa.

Nilimsomea mume wangu kwa sauti. Alicheka sana. Halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mimi ndiye gereji?"

"Gereji hatuna," nikamwambia.

Hatukuzungumza mpaka kesho yake mchana. Jioni alipika, akaunguza, na sikusema kitu, ingawa sikutabasamu pia.

Kwa anayetaka upande wa pili, yupo mwanafalsafa Martha Nussbaum na kitabu chake Anger and Forgiveness, 2016, anayedai kwamba ndani ya hasira kuna hamu ya kulipiza, na kulipiza hakurudishi kilichopotea. Ana hoja, na anakubali aina moja ya hasira, ile inayosema "hili ni ovu, lisirudiwe" kisha ikageuka kazi. Ila Amia Srinivasan, mwanafalsafa mwingine, kwenye makala yake ya 2018, anamjibu mtu wa namna hiyo vizuri kuliko ningeweza: kwamba hasira isiyokuletea faida inaweza bado kuwa ya haki, na kulazimishwa kuchagua kati ya kukasirika inavyostahili na kujilinda ni dhuluma nyingine juu ya dhuluma. Vyote viwili ni vya kusoma asubuhi, akili ikiwa safi. Saa 9 usiku nilisinzia.

Na Woman at Point Zero, riwaya ya Nawal El Saadawi, mwandishi wa Misri, ya 1975, usiinunue kama unatafuta faraja. Firdaus, mhusika mkuu, yuko gereza la Qanatir akingoja kunyongwa kwa kumuua mwanamume aliyekuwa akimnyonya, na anakataa kutia saini ombi la kusamehewa. El Saadawi mwenyewe alifungwa 1981, akaandika kumbukumbu zake kwa penseli ya nyusi kwenye karatasi ya chooni. Niliimaliza kwa zamu moja. Simu tatu za mwisho za zamu ile nilizijibu kwa sauti ambayo sikuitambua, na moja ya hizo ndiyo msimamizi aliyoichagua mwisho wa mwezi. Kisanduku cha tabasamu: alama 3 kati ya 5. Nimeibandika fomu hiyo kwenye friji.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao. Nilisimama na karatasi yangu. Msimamizi akasema, "Naona leo dada umetulia."

"Sijatulia," nikasema. "Wageni sasa ni 14. Wanaume wamefundisha 2. Tuzungumze wageni kwanza, sauti yangu tutaizungumza mwisho, muda ukibaki."

Hakuna aliyecheka, ila yule wa viti alikohoa. Muhtasari umetoka na wageni 14 wamo, kipengele cha 6, pembeni pameandikwa "itafuatiliwa". Posho bado. Sister Outsider msiniulize kwa sasa, kipo kwa mwenzangu wa zamu ya mchana, na nyuma yake wanasubiri watatu.